Amani ya Nyumba na Haki ya Mama Aliyepigwa



Neno ninaloandika leo si jepesi. Wengine watasema kwamba maneno ya nyumba hayaandikwi katika gazeti la kanisa. Mimi nami nilisema hivyo kwa miaka mingi. Lakini kuna jambo lililonipata katika kazi yangu ya ushemasi, na tangu siku ile siwezi kusoma habari za waamuzi wabaya katika Biblia bila kujiona mimi mwenyewe ndani yake. Basi ninawaomba mnisome mpaka mwisho, kisha kila mmoja apime moyoni mwake.

Swali ni hili: Mtu akimpiga bibi yake, na bibi akaja kulia mbele yetu, ao mbele ya tribinali, kazi ya yule anayekata maneno ni nini? Ni kurudisha amani nyumbani, ao ni kumpa haki yule aliyepigwa? Na kama vitu hivi viwili vinashindwa kutembea pamoja, kipi kitangulie?

1. Mambo tuliyoyafanya sisi wazee wa kanisa

Miaka sita imepita. Mama mmoja wa kanisa letu alikuja kwangu siku ya posho jioni. Jina lake siliandiki, wala kartie yake. Shavu lake lilikuwa limevimba, naye amelifunika kwa kitambaa. Akasema: "Papa Shemasi, bwana ananipiga. Si mara ya kwanza. Naomba kanisa linisikie."

Tulikusanyika wazee watano, wote wanaume. Tukamwita bwana yake. Akaja na sukre sita na kuku wawili, kwa sababu desturi yetu inasema mtu hafiki mbele ya wazee mikono mitupu. Sukre tulikunywa kabla ya maombi. Kisha tukamsikiliza yeye kwanza, kwa kuwa ni kichwa cha nyumba. Akasema bibi yake ana ulimi mrefu, bukari inachelewa, tena amechukua feza ya nyumba akamtumia mama yake mzazi aliyekuwa mgonjwa. Tukamgeukia mama: "Ni kweli ulituma feza?" Akajibu: "Ni kweli." Tangu hapo maneno yakawa ya feza. Habari ya shavu hatukuirudilia tena.

Mwisho wake tukamwambia bwana apunguze hasira, tukamwambia bibi apunguze sauti. Mimi ndimi niliyemwambia: "Vumilia, mama. Nyumba inajengwa na mwanamke." Tukawashikanisha mikono, tukaomba, tukaimba, tukaenda. Kuku mmoja alibaki kwangu. Nilimla siku ya Mungu pamoja na watoto wangu, na moyo wangu ulikuwa mtulivu kabisa. Nilifikiri tumefanya kazi nzuri.

Baada ya miezi mitatu bwana yule alimpiga bibi yake kwa mti wa mwichi, kwenye sikio la kuume. Sikio lile halisikii mpaka leo.

2. Njia ya tribinali

Mara hii mama hakuja kwetu. Alikwenda kwenye sheria. Mambo yaliyompata huko mengine nilisikia kwa kinywa chake, mengine niliyaona kwa macho yangu.

Alipofika polisi aliombwa feza ya karatasi ya kuandikia. Akaambiwa pia kwamba haya ni maneno ya nyumba, arudi kuongea na wakubwa wa jamaa. Alikataa. Akaenda hospitali, munganga akampima na kumwandikia cheti kwamba sikio limekufa. Alilipa cheti hicho kwa feza yake mwenyewe. Bwana akaitwa kwa konvokasyo. Hakubisha. Basi wakamlipisha amande ya mapatano, akarudi nyumbani siku ile ile.

Wengi wetu hatujui amande ya mapatano ni nini. Sheria yetu ya mashitaki inamruhusu mkubwa wa polisi ya sheria, na mtu wa parke pia, kumwambia mwenye kosa: lipa feza fulani katika sanduku la Serikali, na neno lako lisifike kwa mwamuzi. Jambo hili si baya lenyewe. Liliwekwa kwa makosa madogo, ambayo hata mwamuzi angeyamaliza kwa amande tu. Lakini je, sikio la mtu ni kosa dogo? Tena nani aliyelipa? Bwana aliuza mifuko miwili ya unga ambayo bibi yake alikuwa akiifanyia biashara. Kwa hiyo mama alipigwa, kisha akalipa amande ya kupigwa kwake mwenyewe.

Ndipo akaenda tribinali ya amani kuomba talaka. Mimi niliposikia, nilikwenda kuketi katika ukumbi mara mbili. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilikwenda ili kumshauri aache. Kesi iliahirishwa mara tano. Kila mara mama alifika asubuhi, akasimama kwenye jua mpaka saa nane, akarudi. Watu waliona mkubwa wa bwana yake akiingia nyumbani kwa mwamuzi wakati wa jioni. Cheti cha munganga kilitoka katika dosie. Mama alipomuuliza karani, karani akamwambia akitafute nyumbani kwake.

Siku ya mwisho mwamuzi alisema mbele ya watu wote kwamba mwanamke anayetaka kuvunja nyumba kwa ajili ya kofi hafikirii watoto wake. Kisha akalainisha sauti, akasema: "Vumilia, mama."

Ndugu zangu, nilisikia maneno yangu mwenyewe. Yalikuwa ni yale yale niliyosema mimi shemasi, baada ya kunywa sukre.

3. Sheria ya nchi inasema nini

Watu wengi wanasema: sheria yetu haimlindi mwanamke. Si kweli kabisa, tusiseme uongo hata tukiwa na uchungu.

Kitabu cha sheria ya adhabu cha tarehe 30 Januari 1940 kinaadhibu kumpiga mtu kwa kusudi. Pigo la kawaida lina kifungo cha siku 8 mpaka miezi 6. Lakini pigo likimwachia mtu ugonjwa, ao likimnyima kabisa kazi ya kiungo cha mwili wake, kifungo ni cha miaka 2 mpaka 5. Kama mtu akifa, hata kama mpigaji hakutaka kumwua, ni miaka 5 mpaka 20. Hakuna mahali palipoandikwa: isipokuwa aliyepigwa ni bibi yake.

Wengine hupenda kutaja sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, ambayo ilisema bwana ni kichwa cha nyumba na bibi amtii. Ndiyo, iliandikwa hivyo. Lakini katika sharti hilo hilo, kabla ya utii wa bibi, iliandikwa kwamba bwana anapaswa kumlinda bibi yake. Sisi wanaume tulisoma nusu moja ya mstari, tukairuka ile inayotuhusu. Sheria hiyo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Iliondoa lile neno la bibi kuomba ruhusa ya bwana yake ili aweze kwenda mbele ya tribinali ao kufanya mapatano ya mali. Bwana bado anaitwa kichwa cha nyumba. Lakini kichwa kinachopiga mwili wake chenyewe ni kichwa cha namna gani?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika sharti la 14, inaagiza wakubwa wa Serikali wapigane na kila namna ya jeuri juu ya mwanamke, mbele ya watu na katika maisha ya nyumbani. Angalieni vizuri: na nyumbani. Basi yule anayesema kwamba haya ni maneno ya nyumba tu, anasema kinyume cha Katiba.

Tena sheria ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu jeuri ya kingono ilikataza wazi amande ya mapatano kwa makosa ya namna hiyo, na ikaagiza kesi zake ziende mbio. Wakubwa waliotunga sheria walijua kwamba kuna uovu usioweza kumalizwa kwa kulipa feza kwenye dirisha. Mimi nauliza: mama aliyevunjwa mkono ao sikio na bwana yake, yeye maumivu yake yalipewa bei na nani?

Basi sheria iko. Inafia njiani, kati ya karatasi na mdomo wa mwamuzi.

4. Zawadi tatu zinazomfunga mwamuzi macho

Yethro alipomshauri Musa achague watu wa kukata maneno ya taifa, alitaja watu wanaomwogopa Mungu na kuchukia faida ya udanganyifu (Kutoka 18). Hakutaja kwanza akili nyingi. Na wana wa Samweli, ambao baba yao alikuwa nabii, walipewa kazi ya uamuzi, wakapokea zawadi na kupotosha haki (1 Samweli 8). Kumbe kuzaliwa katika nyumba ya nabii hakumfanyi mtu mwamuzi mwema. Sisi wa kanisa la kinabii tulishike neno hilo.

Nimefikiri sana, nikaona kwamba mwamuzi anafungwa macho na zawadi tatu.

Ya kwanza ni feza. Hii kila mtu anaijua. Tunaiita matabishi, tunaiita maharagi ya watoto, ili jina liwe tamu. Mwamuzi anasema mshahara ni mdogo, tena unachelewa. Ni kweli mara nyingi, na Serikali inayomwacha mwamuzi na njaa ina sehemu yake katika dhambi hiyo. Lakini mama aliyepigwa naye ana njaa, na haki anayoiuza mwamuzi si mali ya mwamuzi. Ukiuza mbuzi wako, umefanya biashara. Ukiuza mbuzi wa mjane aliyekuachia umchungie, umeiba.

Ya pili ni undugu. Mtu wa kijiji chetu, mtu wa kanisa letu, mtu aliyesoma nasi. Sheria inaruhusu mtu kumkataa mwamuzi aliye ndugu ao rafiki wa mshindani wake, kwa sababu watunga sheria waliijua mioyo ya watu.

Ya tatu hakuna anayeiita zawadi, nayo ndiyo iliyonishinda mimi. Ni raha ya kukubaliana na mtu anayefanana nawe. Nimejiuliza: kama bwana yule asingeleta kuku, je, ningekata maneno kwa namna nyingine? Jibu langu mbele ya Mungu ni hapana. Kwa maana mimi nami ni bwana wa nyumba, na bukari ikichelewa mimi nami ninakasirika. Nilipomtazama nilijiona, na nilipomhurumia nilikuwa ninajihurumia. Kuku hakuninunua. Nilikuwa nimekwisha kununuliwa kabla hajafika.

Ndiyo maana inawezekana mwamuzi asipokee hata franka moja, mikono yake ikawa safi, na bado akakata maneno vibaya. Tusifikiri kwamba uovu wa waamuzi ni rushwa tu. Yule anayemsikiliza mwanaume kama shahidi na mwanamke kama mtoto anayelia, amekwisha kupotosha haki kabla ya kufungua dosie.

5. Amani inayotoka kwa mlango wa nyuma

Turudi kwa swali letu: amani ao haki?

Someni Matendo ya Mitume, mlango wa 16. Paulo na Sila walipigwa fimbo mbele ya watu kule Filipi, bila hukumu, wakatiwa gerezani. Kesho yake wakubwa wa mji wakatuma watu kusema kwamba wafunguliwe, waende zao kwa amani. Neno zuri, sivyo? Lakini Paulo alikataa. Aliwajibu kwamba walipigwa mbele ya wote, basi hawawezi kutolewa kwa siri, wakubwa wenyewe waje wawatoe. Nao wakaja, wakawasihi.

Paulo yule alikwisha kumwimbia Mungu usiku gerezani. Alikwisha kumbatiza mlinzi wa gereza. Hakuwa na chuki. Kwa nini basi alikataa amani ile? Kwa sababu ilikuwa amani ya kufunika. Ilitaka pigo lisiwe limetokea. Na pigo ambalo watu wanasema halikutokea, litatokea tena kwa mtu mwingine kesho.

Sisi watu wa Congo tunajua neno hili vizuri zaidi. Mwaka 1921 nabii Simon Kimbangu alipelekwa mbele ya tribinali ya waaskari kule Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu. Hakupewa avoka. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa kufa, pamoja na fimbo 120. Mfalme wa Ubelgiji akabadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, nabii akaletwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akafungwa humo mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka 30. Na wakubwa wale walisema walitafuta nini? Utulivu wa nchi. Walisema amani.

Waumini wa makanisa ya kinabii wanaijua kesi hiyo, nasi tunalia juu yake mpaka leo. Tunasema: mtu hakusikilizwa. Tunasema: waliokata maneno walikuwa upande mmoja tangu mwanzo. Basi tunawezaje kulia juu ya tribinali ile, kisha sisi wenyewe tukaketi wanaume watano, tukakata maneno ya mwanamke mmoja asiye na mtu wa kumsemea?

Jibu langu ni hili: haki itangulie, amani itafuata. Amani inayotangulia haki ni ukimya tu, na ukimya una gharama, nayo inalipwa na yule mnyonge peke yake.

6. Maswali ya ndugu

Nimezungumza mambo haya na ndugu wengine kabla ya kuandika. Waliniuliza maneno mazito, nami siwezi kuyaruka.

Wa kwanza alisema: Paulo aliwakataza Wakorinto kushitakiana mbele ya wasioamini (1 Wakorinto 6). Ni kweli. Lakini someni vizuri: katika mlango huo anawakaripia watu wanaonyang'anyana haki na mali, anawaambia ni heri kudhulumiwa kuliko kumdhulumu ndugu. Hakumwambia mtu akae chini ya fimbo. Na Paulo huyo huyo, alipoona kwamba hatapata haki, aliomba apelekwe mbele ya Kaisari (Matendo 25). Kama mtume aliomba mwamuzi wa mataifa, dada yetu anakatazwa kwa nini?

Wa pili aliuliza: bwana akifungwa, nani atalisha watoto? Hili ndilo swali la kweli, na wamama wengi wananyamaza kwa sababu yake. Sina jibu jepesi. Lakini mwamuzi hana kifungo tu mkononi. Anaweza kuagiza malipo kwa aliyeumizwa. Katika kesi ya talaka anaweza kuagiza kila mmoja akae mahali pake na watoto wapewe chakula chao, hata kabla kesi haijaisha. Na sisi kanisa tuna kikapu cha maskini. Tukimnyima mama haki kwa sababu ya chakula, maana yake tunamwambia alipe unga kwa mwili wake.

Wa tatu alisema: waamuzi wenyewe wananunuliwa, basi kwenda kwao kuna faida gani? Ndugu, si wote. Wako waamuzi wanaokata maneno sawasawa na kurudi nyumbani kwa miguu. Tukisema wote ni wezi, tunawatukana hao, na tunawapa wale wezi mahali pa kujificha.

Na kwa wale wabaya iko njia. Asiyeridhika na hukumu ya kosa ana siku 10 za kukata rufaa, basi asikae kulia nyumbani mpaka zipite. Mwamuzi aliyedanganya, ao aliyetoza feza isiyo ya sheria, ao aliyekataa kabisa kuhukumu, anaweza kushitakiwa mwenyewe mbele ya Cour de cassation. Ni njia ngumu, inataka avoka, lakini iko. Na Baraza Kuu la Waamuzi, ambalo sheria yake ni ya mwaka 2008, lina uwezo wa kumwonya mwamuzi, kumkata mshahara, kumsimamisha, mpaka kumfanya afukuzwe.

Hapa niongeze neno, ili tusiwe watu wa hasira tu. Mwezi wa Novemba 1998 Rais Laurent-Désiré Kabila aliwafukuza waamuzi na watu wa parke 315 kwa amri moja. Wengine walifurahi, wakasema nyumba imefagiwa. Lakini hawakuitwa mmoja mmoja kujibu mashitaka yake kama sheria inavyotaka. Je, kati yao hakuwemo hata mmoja asiye na kosa? Mwamuzi mbaya naye ni mtu, naye asikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Kama hatutaki mama ahukumiwe bila kusikilizwa, tusitake mwamuzi ahukumiwe hivyo. Haki haina watu wake maalum.

7. Msamaha ni wa nani?

Neno la mwisho la mafundisho ni juu ya msamaha, kwa maana ndio silaha tunayoipenda wazee wa kanisa.

Msamaha ni wa yule aliyeumizwa. Anaweza kuutoa leo, ao kesho, ao baada ya miaka kumi, na Mungu anamsaidia. Lakini hakuna shemasi, wala mchungaji, wala mwamuzi, anayeweza kuutoa mahali pake. Sisi watano tulipowashikanisha mikono siku ile, tulitoa kitu ambacho hakikuwa chetu. Tulimsamehe bwana kwa shavu la mtu mwingine.

Tena msamaha haumzuii mtu kusema kweli mbele ya sheria. Mama anaweza kumsamehe bwana yake moyoni, na bado akamwonyesha mwamuzi cheti cha munganga. Daudi alipotubu juu ya neno la Uria, Bwana alimwondolea dhambi yake, lakini nabii Natani hakufuta maneno yake, na matunda ya kosa yakabaki (2 Samweli 12). Na angalieni, Natani hakumwambia bibi ya Uria avumilie. Alimwendea mwenye nguvu. Kazi ya nabii ni hiyo. Kanisa linalojiita la kinabii, nalo likawaambia wanyonge tu wanyamaze, limesahau jina lake.

8. Tufanye nini?

Nimepeleka shauri kwa wazee, nao wamekubali sehemu kubwa. Ninaliandika hapa ili makanisa mengine nayo yafikiri.

Kwanza, anayekuja na mashitaki ya kupigwa asikilizwe na mama shemasi wawili, peke yake, kabla ya bwana yake. Baraza la kukata maneno haya lisiwe la wanaume tu.

Pili, hakuna zawadi yoyote kabla ya maneno kuisha, wala baada yake. Hata sukre moja. Mgeni apewe maji.

Tatu, mwenye jeraha apelekwe kwa munganga siku ile ile, na cheti kiandikwe. Nakala moja ibaki kwa kanisa, ili karani asiweze kusema kwamba kimepotea.

Nne, akitaka kwenda tribinali, asiende peke yake. Katiba inasema mashauri ya tribinali yawe mbele ya watu, na hukumu iandikwe pamoja na sababu zake. Basi na twende tuketi pale kumi, kumi na watano, kimya, na kalamu mkononi. Mwamuzi ana aibu kama mtu yeyote.

Tano, asiwepo mtu wa kanisa letu anayekwenda usiku nyumbani kwa mwamuzi kumsemea ndugu yake. Na ninyi mlio waamuzi, makarani, polisi, nanyi mnaomba pamoja nasi siku ya Mungu: msitupokee. Mkitufungulia mlango wa jioni, mnatuharibu sisi na ninyi pia.

Mwisho

Bwana Yesu alitupa mfano wa mjane na mwamuzi asiyeogopa Mungu wala watu (Luka 18). Mjane yule alirudi na kurudi. Bwana hakumlaumu kwa kelele zake. Hakumwambia nyumba inajengwa na mwanamke. Alimfanya kuwa mfano wa imani.

Mama wetu alikata rufaa. Maneno yake bado hayajakwisha ninapoandika. Anakaa kwa dada yake pamoja na watoto watatu, anauza unga tena, kidogo kidogo. Katika ibada anaketi upande wa kuume wa kanisa, ili sikio lake la kushoto ligeukie mhubiri.

Nilikwenda kwake mwaka uliopita, nikapiga magoti, nikamwambia habari ya yule kuku, nikamwomba radhi. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Papa Shemasi, siku ile sikuja kuomba mnihurumie. Nilikuja kuomba mnisikie." Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza. Ni haki yake.

Wapenzi, kesho ao kesho kutwa mama mwingine atabisha mlango wa mmoja wetu siku ya posho jioni, amefunika shavu. Tumfungulie, tumpe kiti, tumsikilize yeye kwanza.

Bwana atupe masikio. Amina.

Shemasi wenu katika Kristo.